Nusu Ndani, Nusu Nje

Februari. Mto Fyris umeganda hadi kingoni,
na mimi, Gunvor, niko chini ya ardhi hapa Uppsala,
kwa kisu cha kioo nakata tezi ya buu la usubi
vipande ambavyo pumzi yangu ikipita tu vinapotea.

Mabuu tunayafuga kwenye mitungi ya jamu.
Tunayalisha unga wa upupu na karatasi ya chooni.
Hayalalamiki. Yana damu nyekundu kama yetu,
na seli za mate kubwa mno, unaziona kwa macho
kama chembe za sago majini.

Ndani ya seli, kiini.
Ndani ya kiini, kromosomu imevimba mahali pamoja
kama mkate uliozidi hamira:
hapo ndipo ujumbe unanakiliwa.
Uzi haujaisha kutungwa
na tayari protini zimeukimbilia.
Moja inauvika kofia.
Nyingine zinakata maneno ya kupita, zinaunga yenye maana.
Nyingine inauongezea mkia, A na A na A na A.
Nyingi, sijui idadi, zinaukumbatia tu,
usije ukakutwa uchi.
Halafu wote unakunjwa, unapindwa,
unakuwa pete isiyokutana ncha.
Uliofungwa ovyo hausafiri; hutafunwa humo humo.

Kaka yangu Torvald alikuwa ofisa wa forodha Haparanda,
huku Uswidi, kule Ufini, kati daraja.
Nilimweleza kazi hii siku tuliyomzika shangazi,
tukiwa jikoni tunaosha vikombe vya watu.
Akauliza kama mtu wa forodha:
"Nani anakifungua hicho kifurushi?"

Hakuna, nikamwambia. Tundu ni dogo, kifurushi ni kinene.
Kinafika kwenye kapu la mlangoni, kinageuka kidogo
kama watu wanaoingiza godoro kwenye ngazi nyembamba,
kisha kinajikunjua chenyewe, kinakuwa utepe,
kichwa chenye kofia kikitangulia.

"Na walioufunga?"

Baadhi wanaishia kizingitini.
Baadhi wanavuka nao, wanavuliwa ng'ambo,
wanarudi mikono mitupu kuubeba mwingine.

Alifuta kikombe kilichokauka zamani.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"sijaona mzigo unaofunguka kwa kupita.
Mimi ilibidi nitumie kisu."

Na ng'ambo, Torvald, hili sikukwambia,
mkia ungali ndani, ribosomu zimeshaukalia mbele,
zinausoma bila kuketi vizuri:
tema. Tema tena. Mate yawe nyuzi,
nyuzi ziwe bomba matopeni,
ukae humo, samaki asikuone.
Ni hayo tu. Ulinzi wote ule, kwa ajili ya mate.

Mjumbe hauawi, husemwa.
Huyu huuawa.
Akishasomwa vya kutosha, mkia unaliwa herufi kwa herufi,
kofia inavuliwa, na vipande vyake
vinarudi kuandika mambo ya wengine.

Nikaupata saa tisa usiku wa Alhamisi,
kwenye kioo cha kijani cha hadubini ya elektroni:
mmoja, katikati ya tundu,
nusu ndani, nusu nje, mwembamba kiunoni.
Nikampigia simu daktari Ljungqvist.
Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia,
viatu vimejaa theluji, akacheka kama aliyeangukiwa na kitu.
Tukaipiga picha. Imetundikwa koridoni hadi leo,
na wageni husimama hapo wakisema, tazama, unapita.

Haupiti.
Buu lile nililitia dawa mwenyewe
Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi,
na kila kitu ndani yake kikasimama pale kilipokuwa.
Ujumbe ule haujafika. Haujarudi pia.
Kuna bomba moja la matope halikujengwa.

Kulipokucha nikaosha kisu, nikasaga upupu,
nikateremka na kijiko kwenye mitungi.
Yaliyobaki yalikuwa yanatema, yanajenga.
Hakuna lililoinua kichwa.